Kutoa Noah ya familia kwa kituo cha watoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Noah yetu ilikaa chini ya mwembe hapa Isevya, Tabora, karibu mwaka mzima baada ya wadogo zangu kuondoka nyumbani. Kuku wakaanza kutagia siti ya nyuma. Mzee akasema, "Gari likilala linaoza, litafutieni watu wa kulitumia." Tukalitoa kwa kituo kimoja cha kulelea yatima. Haya ninayoyaandika niliyasikia kwa watu, na mawili matatu niliyaamini mwenyewe.

"Ukishakabidhi funguo na kadi, gari si lako tena."

Hili ndilo lililotuponza. Kadi ya usajili wa gari tuliwapa, ikaingia kwenye droo ya ofisi yao ikiwa na jina la mzee vilevile. Miezi minane baadaye simu ikaita: "Shikamoo mzee. Noah yako inadaiwa." Faini tatu, shilingi 30,000 kila moja, mbili zikiwa za mwendo kasi kwenye kibao cha 50. Mzee siku hizo alikuwa hata sokoni haendi! Faini hufuata namba ya gari, na namba humtaja aliye kwenye kadi. Lingekuwa limegonga mtu, mlango wa kwanza kugongwa ungekuwa wetu. Bima nayo ni hivyo hivyo. Ile bima ndogo tuliyowaachia ilikuwa mapatano ya kampuni na mzee, si mapatano na bati. Gari likibadili mwenyewe, kampuni iambiwe.

Kwa hiyo gari halijatoka mpaka jina libadilike. Mahali pa mkataba wa mauziano inakaa hati ya zawadi, inayosainiwa na pande zote mbili mbele ya wakili. Unaambatanisha kadi halisi, vitambulisho, na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mtoaji na ya mpokeaji, unakwenda TRA, mamlaka ya mapato. Madeni ya faini yamalizwe kabla. Sisi tulilipa 50,000 ya uhamisho, 10,000 ya kadi mpya, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya gari. Mdogo wangu alibishana pale dirishani kwamba zawadi hailipiwi. Inalipiwa. Elewaneni mapema nani atalipa, maana kituo chenyewe huenda siku hiyo kinawaza unga.

"Andika tu jina la mkurugenzi, si ndiye mwenye kituo?"

Siye. Ukiandika jina lake, umempa yeye. Akihama anaondoka nalo. Akifariki, linaingia kwenye mirathi, watoto wake wagawane. Uliza kama kituo kina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na kadi iandikwe jina la bodi hiyo. Uliza pia leseni ya makao ya watoto, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakusaidia kujua nani anayo na nani hana. Kuna watakaonuna ukiuliza. Wanune.

"Cha bure hakikataliwi."

Ni kweli hakikataliwi, kwa sababu watu wana adabu. Watapokea, watapiga makofi, watapiga na picha, kisha gari litahamia chini ya mwembe wao. Noah ya petroli ya cc 2000 inakula. Kutoka hapa Tabora kwenda Sikonge na kurudi ni kilometa 140 hivi. Weka lita kumi na tano, kisha subiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wanaodhibiti bei ya mafuta, watangaze bei mpya. Hapo hujagusa tairi wala oili.

Sisi hapa angalau tulifanya jambo moja sawasawa: tuliandika magonjwa ya gari kwenye karatasi ya daftari. Rejeta, inachemsha ikipanda mlima na mzigo. Shokapu za mbele zimekufa. Mlango wa pembeni haufungi mpaka uuinue kidogo. Mama mlezi akaisoma taratibu, akaenda kuujaribu ule mlango mara tatu, akasema, "Mlango tutauzoea. Rejeta hapana, baba." Tukabadilisha rejeta kwa gharama yetu kabla ya kukabidhi. Mzee alinuna kidogo, lakini mama yule alikuwa na haki: gari likizimika porini usiku na mtoto mwenye homa ndani, ile siyo zawadi.

"Kuliuza ukawapa pesa ni ubahili."

Kituo kisicho na dereva wala fedha ya mafuta kitafaidika zaidi na pesa taslimu. Hata Marekani, ambako kutoa gari kwa hisani ni jambo la kawaida, mashirika mengi hayaliendeshi. Yanaliuza, mara nyingi mnadani.

"Utapunguziwa kodi."

Hili lililetwa na shemeji anayeishi hukohuko Marekani. Kwao lipo, ila tangu 2005, mtu akidai zaidi ya dola 500, kwa kawaida punguzo lake huishia kwenye bei ambayo shirika limeliuzia gari. Kwetu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtazama mwenye mapato ya biashara, aliyetoa msaada kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na Kamishna wa kodi, na kiasi anachoruhusiwa kutoa kwenye mapato yanayotozwa kodi hakivuki asilimia 2 ya mapato hayo. Mzee wetu ni mstaafu wa reli. Apunguziwe nini?

"Siku wasipolitumia watabebea abiria, wapate hela ya mafuta."

Kwa namba ya njano, ya gari binafsi, hapana. Gari la kutoza nauli linataka namba nyeupe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu.

Kadi mpya ilipotoka, mzee aliomba aipige picha kwa simu. Ameihifadhi, na huwaonyesha wageni jina la bodi kabla hawajamaliza chai. Jeki na tairi la akiba niliwapelekea wiki iliyofuata; vilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, tumevisahau.