Hewala Yao Isikudanganye

“Wafanyakazi wangu hawana malalamiko.” Kauli hiyo nimeisikia tena wiki iliyopita kwa meneja wa hoteli moja ya ukanda wa mashariki wa Unguja, ambaye aliniita nimsaidie kujua kwa nini watu wake wanaondoka masika yakikaribia na hawarudi msimu unapofunguliwa. Alinionyesha sanduku la maoni lililotundikwa karibu na jiko la wafanyakazi. Lilikuwa tupu, naye akalihesabu kuwa ni ushahidi wa furaha. Katika kazi hii ya rasilimali watu, Unguja na Pemba, hakuna hoja iliyonichosha kama hiyo, kwa hivyo leo naiandikia, na atakayenirudia nayo nitamtumia makala hii.

Yasiyohitaji mjadala niyapite haraka. Mkataba wa maandishi, mshahara unaofika kwa tarehe yake, likizo na mchango wa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ni wajibu wa mwajiri, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005. Anayedaiwa hayo ayalipe kwanza, kisha ndiyo tuzungumze habari za moyo wa kazi. Bonanza la ufukweni, fulana za rangi moja na keki ya siku ya kuzaliwa sivipingi, lakini mtu huila keki yako leo na kesho akapeleka maombi ya kazi kwa jirani yako.

Ninachotaka kukaa nacho ni neno hewala. Msimamizi anamwambia dada wa usafi wa vyumba, “Leo utaongeza vyumba vinne, mwenzako hakuja,” naye anajibu, “Hewala.” Meneja mgeni, na hata mwenyeji aliyekaa ofisini hadi akasahau alikotoka, huandika moyoni kwamba amekubali. Sisi tuliolelewa hapa tunajua kwamba hewala hiyo inaweza kuwa na maana nne: nimesikia, nitafanya, nitafanya ila umenionea, na sitafanya, lakini naona muhali kukwambia. Wataalamu wanaokuja na madodoso yao huufasiri muhali kuwa ni woga, na hapo ndipo wanapopotea. Mwenye woga anajihofia mwenyewe, na ukimhakikishia kuwa hatafukuzwa huenda akasema. Mwenye muhali anakuhofia wewe, usije ukavunjiwa heshima mbele za watu, kwa hivyo hata ukimwapia hatakwambia usoni kwamba ratiba yako ni mbovu. Atazidi kunyamaza ikiwa msimamizi ni ami yake, jambo lisilo la ajabu katika hoteli iliyoajiri kutoka vijiji viwili. Maneno yote hayo huyatoa jioni barazani, ambako meneja hakai. Sanduku nalo halisaidii, kwa sababu katika sehemu yenye wafanyakazi arubaini kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake.

Mtafiti William Kahn, aliyeandika mwaka 1990 kuhusu mtu kujitia mzima katika kazi yake, aliwachunguza wakufunzi wa kambi ya vijana katika visiwa vya Karibi na wafanyakazi wa kampuni ya usanifu majengo huko Marekani. Alitaja masharti matatu: mtu aone maana ya anachofanya, awe na salama ya kujionyesha alivyo bila kudhurika, na awe na nguvu za mwili na nafsi zilizobakia. Sharti la pili ndilo linalovunjwa na watu wanaojiona wapole. Miaka hiyo hiyo ya 1990, Amy Edmondson alihesabu makosa ya utoaji dawa katika timu za hospitali za Marekani, akitarajia timu bora ziwe na makosa machache, akakuta zina mengi zaidi kwenye rekodi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu nyingine zilikuwa zikiyaficha, na hizo bora zilikuwa zikiyasema. Kwa kipimo hicho, sanduku tupu lingepaswa kumnyima meneja wangu usingizi.

Nimeona njia moja ikifanya kazi, katika ofisi ndogo ya Chake Chake. Mkuu wake aliacha kuuliza, “Mna malalamiko?” na badala yake kila Jumatatu akawa anauliza, “Wiki iliyopita kitu gani kilikukwamisheni?” huku akianza kwa kutaja kosa lake mwenyewe. Wiki tatu watu walitazama sakafu. Ya nne, dereva akasema kwamba ufunguo wa stoo anao mtu anayeondoka saa tisa. Siku hiyo hiyo ukachongwa wa pili. Baada ya hapo walisema, kwa kuwa swali lilihusu kitu na halikumgusa mtu, na kwa kuwa la kwanza lilijibiwa kwa vitendo.

Hata hivyo, mimi mwenyewe nina shaka mbili. Kwenye madodoso yangu, karibu kila mtu hukubali kabisa kwamba anajivunia kazi yake, na sioni kwa nini muhali wanaomwonea meneja wasinionee mimi niliyeshika kalamu. Aidha, biashara ikichanganya, mabosi hucheka na watu hupenda kazi, kwa hivyo mara nyingi sijui kama utamaduni mzuri ndio ulioleta faida au faida ndiyo iliyoleta utamaduni. Tena muhali huo huo ndio unaomfanya mtu ashike zamu ya mwenzake aliyekwenda mazikoni bila kuuliza atalipwa nini. Sitaki kuwa mtu wa kuuondoa.

Nilimshauri meneja yule aling'oe sanduku, aanze na swali la Jumatatu, na ratiba ya masika aipange pamoja na watu wake kabla ya kuibandika ukutani. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, akanikaribisha chai, akasema, “Hewala.” Bado sijajua ilikuwa ni ile ya ngapi.