Kabla hujauliza bei ya gesti Matema, uliza upepo

Kila mwaka ikifika Mei simu yangu huanza kuita kwa swali lile lile: "Kaka, gesti Matema usiku mmoja shilingi ngapi?" Wanaouliza ni walimu wanaosubiri shule zifunge, akina mama wa vikoba wa Mbeya waliojichanga tangu Januari, na siku hizi hata ndugu zetu wa ughaibuni ambao likizo zao huangukia Julai na Agosti. Matema ni ufukwe wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya. Na mimi huwajibu kwa swali: mnakuja tarehe ngapi, na mko wangapi? Wengine huona nawazungusha.

Siwazungushi. Miaka tisa ya kupeleka vikundi Ziwa Nyasa imenionyesha kwamba kitanda ndicho kitu chepesi kuliko vyote kwenye bajeti ya ziwani. Pesa huliwa kwingine: kwa siku mliyoilipia halafu mkashindwa kuingia majini, na kwa zile kilomita za mwisho mnapozianza jua limeshazama.

Mtu aliyezoea Bahari ya Hindi hupanga siku yake kwa maji kupwa na kujaa. Ziwani hakuna bamvua wala maji mafu; ufukwe uliouacha jioni utaukuta asubuhi palepale. Huku anayeamua ni upepo. Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa, chini ya milima ya Livingstone. Kuanzia Mei hadi Agosti hupiga upepo wa kusini mashariki ambao wenzetu wa upande wa Malawi huuita mwera. Upepo huo una urefu wa ziwa zima wa kusukumia maji, na mawimbi yake huja kumalizia hasira huku kwetu. Kwa hiyo mgeni wa Julai anakuta anga safi, mvua hakuna, barabara kavu, kila kitu kinasema "njoo", ila ziwa lenyewe limechafuka.

Somo hilo nililipia. Mwaka mmoja nilipeleka watu 14 katikati ya Julai, boti ya kwenda Ikombe, kijiji cha jirani, nimeshailipa yote kabla hatujatoka Mbeya ili nipunguziwe bei. Asubuhi mwenye boti akasimama ufukweni, mikono nyuma, akatazama maji kwa muda mrefu bila kusema neno. Mwishowe akaniambia, "Leo hapana, kaka." Kesho yake ikawa hapana tena. Petroli ilikuwa imeshanunuliwa, pesa hairudi, na watu 14 wamekaa kwenye mchanga wananiangalia mimi kana kwamba upepo nimeuleta kwenye begi. Kosa lilikuwa langu, si la mwenye boti. Tangu siku hiyo sitoi zaidi ya nusu kabla mtu hajakanyaga botini.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, njoo Septemba au Oktoba. Upepo umepungua, joto limepanda, mvua bado, na wanafunzi wamerudi darasani, kwa hiyo hata bei za vyumba zinazungumzika. Machi hadi Mei usijisumbue; Kyela ni moja ya sehemu zenye mvua kubwa zaidi nchini, na Aprili utaiona Matema kupitia dirishani. Kama likizo yako ni lazima iwe Juni au Julai, basi fanya mambo mawili. Ongeza siku moja ya akiba ambayo huijazi kitu chochote. Na shughuli zote za majini, kuogelea, mtumbwi, boti, zianze alfajiri na ziishe ifikapo saa nne asubuhi, maana ziwa mara nyingi hulala usiku na kuamka mchana. Siku moja ya ziada ya gesti na wali ni nafuu kuliko boti mliyoilipia isiyoondoka.

Kuna tarehe nyingine ya kuikwepa ambayo haihusiani na ziwa kabisa: wiki ya kwanza ya Agosti. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale huijaza Mbeya, vyumba vinapanda bei au vinakwisha, na magari ya kukodi yote yana kazi. Mnaotoka Dar na mnataka kulala Mbeya usiku mmoja kabla ya kushuka ziwani, wiki hiyo itawaumiza kabla hamjaliona hata tone la maji.

Sasa barabara. Toka Mbeya mjini, coaster za Kyela zinapatikana stendi ya Nane Nane. Mnapanda kupitia Uyole, mnakata Tukuyu kwenye baridi na migomba na mashamba ya chai, halafu mnashuka. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo sweta uliyoivaa Uyole utaivua Kyela kwa hasira. Usiiache nyumbani lakini. Kurudi ni alfajiri.

Ukitazama ramani utaona kuna njia ya mkato Kikusya, ambako barabara ya Ipinda na Matema inachepuka. Kipande hicho cha kilomita kama 39 zamani kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Leo ni lami. Ila mimi bado huwashauri wasafiri wa mara ya kwanza waende hadi Kyela mjini. Hapo kuna benki na duka la dawa, na hapo ndipo mnanunua mchele kabla ya kuunganisha gari la Ipinda na Matema. Mawakala wa pesa za simu Matema wapo, lakini wakala anaweza kuishiwa taslimu Jumamosi mchana, na mvuvi hapokei ahadi. Toeni pesa Kyela, tena za noti ndogo ndogo.

Kikubwa ni saa ya kuondoka. Msitoke Mbeya baada ya saa sita mchana. Gari la Matema likishawaacha jioni, mnabaki na bodaboda au gari la kukodi la mtu anayejua kabisa kwamba hamna pa kwenda. Nauli ya kipande hicho cha mwisho, usiku, niliwahi kuiona ikipita nauli yote ya kutoka Mbeya.

Mkizidi watu kumi na wawili, pigeni hesabu ya kukodi coaster nzima. Hapo kuna mtego mmoja. Ulizeni bei mbili: ya gari kuwapeleka na kurudi kuwachukua Jumapili, na ya gari kulala nanyi. Gari likilala, dereva naye analala, anakula, na siku zake za kukaa bure zimo kwenye bei hata kama hakuzitaja. Kwa siku tatu za ufukweni hamna kazi na gari. Lishusheni liende likapige ruti zake.

Malazi nayapitia haraka kwa sababu hayana siri. Zipo gesti za kawaida, zipo sehemu za kanisa zilizo safi na tulivu, ambako pombe na kelele waulizeni wenyewe kabla, na zipo sehemu zinazoruhusu hema. Angalieni vitu viwili tu: chandarua kisicho na tundu, maana Kyela ina joto na ina mbu, na umbali wa chumba hadi maji. Chumba cha bei ya chini kilicho mbali kitawala kwa bodaboda.

Chakula ndipo panaponifurahisha. Mchele wa Kyela hauhitaji sifa zangu. Mavuno yake huanguka katikati ya mwaka, hivyo mtu wa Juni na Julai anaununua ukiwa mpya na bei imetulia; kwa kundi la watu kumi nunueni wenu, msile sahani ya mgahawa kila mlo. Samaki ni wa kuamkia. Mitumbwi iliyolala ziwani inarudi alfajiri, na kwa muda kama wa saa moja bei iko kwa mvuvi mwenyewe kabla wachuuzi wa ndoo hawajawazoa samaki wote. Kuna magege, jamaa wa perege, kuna mbasa ambaye ni mtamu lakini ana miiba ya kumtia adabu mlaji mwenye haraka, na kuna dagaa wa Nyasa, ambao kusini zaidi mwa ziwa huitwa usipa.

Utaratibu wangu ni huu. Jioni ya kwanza namtafuta mama lishe mmoja, namsalimu kwa Kinyakyusa changu kibovu, "Ugonile, mama," anacheka, tunaelewana. Simwombi bei ya sahani. Namwambia: mchele ninao, samaki nitaleta mwenyewe saa moja asubuhi, wewe niambie mkaa, mafuta, nyanya na mkono wako ni shilingi ngapi kwa watu kumi. Mara nyingi huongeza ndizi za kwake bila kuulizwa. Mara ya mwisho alinirudisha ufukweni kwa sababu nilinunua magege wa jana. Alimbonyeza samaki ubavuni kwa kidole, shimo likabaki, akanitazama. "Baba, huyu amelala sana." Tangu hapo nambonyeza kwanza, na naangalia jicho kama bado linang'aa.

Baada ya hapo ni boti, na hapa hesabu ni ya kichwa tu. Boti ya injini hulipiwa kwa safari, si kwa abiria, maana kinacholipwa hasa ni petroli. Tuseme mwenye boti anataka Tsh 80,000 kwenda na kurudi: mkiwa wawili ni 40,000 kila mmoja, mkiwa wanane ni 10,000. Kwa hiyo wawili au watatu mliokuja kivyenu, msikodi boti peke yenu. Kaeni ufukweni jioni, ulizeni wageni wengine nani anaenda Ikombe, mchange. Lakini msije mkajazana kupita uwezo wa boti ili kuokoa elfu mbili. Kabla ya bei, uliza jaketi okozi ngapi zipo, na uzione kwa macho. Jaketi zikiwa tano na nyinyi nane, boti hiyo ni ya watu watano.

Ikombe kwenyewe panastahili. Ni kijiji cha Wakisi, chini kabisa ya milima, ambako wanawake hufinyanga vyungu vinavyouzwa hadi Mbeya na mbali zaidi. Asiyetaka kulipia boti aje awe Matema siku ya Jumamosi, aende kwa miguu hadi soko la Lyulilo hapo jirani, ambako vyungu hushushwa kutoka mitumbwini. Ndiyo sababu safari zangu nyingi hufika Ijumaa. Chungu nunueni siku hiyo, kifungeni ndani ya kanga na sweta mliyoivua Kyela, na ndani yake jazeni soksi. Cha kwangu cha kwanza kilivunjika Tukuyu, kwenye tuta.

Maji yenyewe ni ya bure, ila yana masharti. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inamwaga ziwani upande huu wa Kyela, na midomo ya mito ndiko mamba hupenda kukaa. Hapo hapaogelewi, hata kama mtoto wa kijiji amekuambia yeye huoga kila siku. Uliza wenyeji wanaogelea wapi, kisha uoge hapo hapo. Upande wa miamba, chini ya mlima, kina hushuka ghafla. Ziwa hili kwenye sehemu yake ya chini kabisa linafika karibu mita 700, na mlima hauachi kushuka kwa sababu umefika kwenye maji.

Na kuna kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji ya utulivu yenye majani na matete, kwa hiyo chagua mchanga wazi wenye mawimbi, ujue pia kwamba hata hapo hatari haifutiki kabisa. Kujifuta kwa taulo mara utokapo kunasaidia kidogo, si kinga. Dawa yake ni prazikwanteli, na watu wengi hukosea kwa kuimeza siku waliyorudi nyumbani. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, michanga huiponyoka. Inatakiwa usubiri wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho ya kuoga, ndipo uende kituo cha afya ukapimwe uzito na kupewa dozi yako. Ukiona damu kwenye mkojo kabla ya hapo, nenda siku hiyo hiyo.

Kwenye daftari langu la bajeti, mstari wa mwisho ni wa dawa hiyo, na naujumlisha kwenye mchango kabla hatujaondoka, kwa sababu baada ya wiki sita hakuna anayekumbuka kuchanga. Tukiwa bado kwenye gari, tunapandisha Tukuyu, kila mtu anafungua simu yake anaweka kengele ya tarehe ile. Mama mmoja wa vikoba aliiandika "Kumeza Matema."