Vikombe vya umeme kwa udongo wetu: kwa nini udongo wa mtungi peke yake hautoshi

Kila tukifanya maonyesho lazima aje mtu na bonge la udongo kwenye mfuko, ananiambia mtaalamu huu udongo wa kwetu ni mzuri sana, bibi zetu wamefinyangia vyungu miaka yote, si tutengeneze na vile vikombe vya umeme vya juu ya nguzo, vinavyoshika waya ili umeme usipite kwenda kwenye nguzo? Swali zuri na jibu ni ndiyo inawezekana kabisa, ila sio kwa udongo huo peke yake na sio kwa moto ule wa kuchomea vyungu.

Chukua mtungi wa maji. Maji yake yanakuwa baridi kwa sababu mtungi unatoa jasho, ukuta wake una vitundu vidogo mno, maji yanapenya mpaka nje, upepo unayakausha na yakikauka yanaondoka na joto. Ndo raha ya mtungi. Sasa kitu hicho hicho ndo kinaua kikombe cha umeme, maana kikombe kikishanywa maji ya mvua umeme wa kilovolti 11 au 33 unapata njia ya kupitia mwilini mwake, kinapata joto, kinapasuka, laini inazima na mtaa mzima giza. Kikombe cha umeme hakitakiwi kunywa maji kabisa.

Vyungu vinavyochomwa nje kwa kuni na nyasi, kama wanavyofanya akina mama wa Kikisi kule ziwa Nyasa, moto wake mara nyingi unacheza kwenye nyuzi 600 mpaka 900 za Selsiasi. Porselini ya umeme, yaani ile kauri ngumu ya kutengenezea vikombe hivi, inataka tanuru la nyuzi 1200 mpaka 1400, na inataka mchanganyiko wake: karibu nusu ni udongo, robo feldispa (madini ya kwenye mawe), robo kwazi (madini magumu yanayopatikana sana kwenye mchanga). Udongo ndo unashika umbo. Feldispa ikifika moto mkali inayeyuka inakuwa kama kioo na kuziba vile vitundu, na kwazi ndo mifupa, inazuia kitu kisilegee na kunywea, yaani kusinyaa, kupita kiasi.

Udongo mweupe, yaani kaolini, tunao vilima vya Pugu pale Kisarawe, sio mbali na Dar. Pale umechanganyika na mchanga wa kwazi kwa hiyo huwezi kuuchota ukautumia hivi hivi, unaukoroga kwenye maji mengi, mchanga unazama haraka, kaolini inabaki inaelea kwenye ule uji mweupe, unauchuja unaukausha, na mchanga usiutupe kwa sababu ndo kwazi yako! Kaolini kwa kawaida hainati sana, ukiifinyanga peke yake inakatika, kwa hiyo unaongeza udongo mwingine unaonata. Feldispa tunaitafuta kwenye miamba ya pegmatiti, yaani miamba yenye chembe kubwa kubwa za madini, kama ile ya milima ya Uluguru ambako enzi za ukoloni walichimba maika, madini yanayobanduka kama karatasi, na maika nayo ni kizuia umeme.

Tatizo kubwa la udongo wa vijijini ni chuma. Ule wekundu tunaouona ni chuma, na chuma kikizidi kinapunguza uwezo wa kuzuia umeme, pia kinaacha madoa na malengelenge kwenye tanuru. Ndo maana tunapitisha uji wa udongo kwenye sumaku kali kabla ya kufinyanga.

Halafu subira. Kikombe kuanzia kibichi mpaka kuiva kinaweza kunywea zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo kibichi lazima kiwe kikubwa kuliko unachotaka, na kukausha ni polepole kivulini sio juani. Tanuru nalo usilifungue kwa pupa, kwazi ikipita nyuzi 573 wakati wa kupoa inanywea ghafla, nimeshaona kazi ya wiki nzima imepata nyufa kama nywele kwa sababu tu mlango ulifunguliwa mapema, inauma sana.

Juu yake kinapakwa tabaka laini la kioo ili vumbi lisishike na mvua iweze kukiosha. Zile sketi sketi mnazoziona sio urembo, zinarefusha njia ambayo umeme ungetambaa juu ya uso wake, na huku pwani chumvi ya bahari inaganda kwenye vikombe, ikipata umande inapitisha umeme, kwa hiyo vya pwani vinahitaji njia ndefu kuliko vya bara.

Ukitaka kuanza kuujua udongo wako, choma kipande kwenye tanuru la moto mkali, kivunje, dondoshea wino pale palipovunjika, subiri kidogo halafu osha. Wino ukiingia ndani, ujue udongo wako bado unakunywa maji. Maabara tunafanya hivyo hivyo ila tunausukuma wino kwa presha kubwa, na baada ya hapo ndo vipimo vya umeme wenyewe, msijaribu hicho nyumbani jamani. Ukituletea sampuli lete kama kilo tano, chimba chini ya udongo wa juu wenye mizizi, na andika umechimba wapi na kina gani, maana udongo wa futi tatu na wa futi kumi shimo hilo hilo unaweza kuwa vitu viwili tofauti.