Anayeonekana Kula Prosesa na Anayeila Kweli

Feni inavuma, kishale kinakwamakwama, ukiandika neno linachelewa kutokea. Unabonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager, orodha ya Windows ya programu zinazoendeshwa, inafunguka, unapanga safu ya CPU (yaani prosesa, ubongo wa kompyuta) kuanzia namba kubwa, na pale juu kuna jina ambalo hujawahi kulisikia. Wengi hutoa hukumu hapohapo: huyu ndiye adui, azimwe. Lakini orodha ile inamwonyesha anayefanya kazi, haimwonyeshi aliyemtuma. Dhana potofu nyingi kuhusu programu za chinichini zinaanzia kwenye kuwachanganya hao wawili.

"System Idle Process inakula asilimia 95, ndiyo inayoichosha mashine."

Hii ni ya kale na haifi. Namba hiyo ni muda ambao prosesa haina la kufanya. Ikisoma 95, mashine imepumzika. Ikisoma 2, ndipo utafute sababu.

"Hizi svchost ni nyingi mno, lazima ziwe virusi."

svchost.exe ni ganda ambalo Windows huendeshea huduma zake: za sauti, za mtandao, za masasisho na nyinginezo. Zamani huduma nyingi zilirundikwa kwenye ganda moja. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 huipa karibu kila huduma ganda lake, kwa hiyo unaweza kuhesabu makumi na mashine ikawa nzima kabisa. Ni kweli programu hasidi hupenda kujificha nyuma ya jina hili, ila kuzibaini si kazi kubwa: bofya kulia, chagua Open file location. Ya halali inakaa System32 au SysWOW64 ndani ya folda ya Windows. Ukiikuta kwenye folda ya Temp, au imeandikwa scvhost, hapo una kesi.

Anayesingiziwa zaidi, kwa maoni yangu, ni WMI Provider Host, sehemu ya Windows ambayo faili lake huitwa WmiPrvSE.exe. Kazi yake ni kujibu maswali ya programu nyingine: diski ina nafasi kiasi gani, betri ikoje, huduma ipi inaendeshwa. Ikipanda na kukaa huko juu, mara nyingi haijaharibika yenyewe. Kuna programu inayoiuliza bila kupumua, pengine ile iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa ajili ya kufuatilia afya ya mashine. Kumpata muulizaji, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Applications and Services Logs, kisha Microsoft, Windows, WMI-Activity na mwisho Operational. Soma makosa ya karibuni na utafute namba iliyo mbele ya ClientProcessId. Rudi Task Manager, kichupo cha Details, uitafute namba hiyohiyo kwenye safu ya PID, yaani namba ya utambulisho ya kila programu. Jina lililo ubavuni mwake ndilo la kusasisha au kuondoa. Fanya hivyo kabla ya kuwasha mashine upya, maana namba hizo hubadilika. Ukiizima WMI yenyewe itarudi tu, kwa kuwa muulizaji bado yupo.

"Asilimia 12 haina neno."

Inategemea. Windows hupima kila programu dhidi ya uwezo wa prosesa nzima. Kwenye prosesa ambayo Windows inaihesabu kuwa na viini 8 (sehemu zake zinazofanya kazi sambamba), programu iliyonasa kwenye mzunguko usioisha inaweza kukimaliza kiini kimoja chote, na Task Manager ikaandika 12 au 13 tu. Kwenye viini 16 itaandika kama 6. Ndiyo maana namba ndogo iliyoganda palepale dakika nzima hunitia shaka kuliko namba inayoruka hadi 60 kisha ikashuka.

Mac na Linux zina hesabu tofauti. Activity Monitor ya Mac na amri ya top huhesabu kiini kimoja kuwa 100, kwa hiyo 350 si hitilafu; ni viini vitatu na nusu. Kwenye top ya Linux, Shift+I hubadili hesabu hiyo. Na mtumiaji wa Linux asikimbilie kulaumu prosesa kwa sababu ya load average (wastani wa kazi zinazoendeshwa au kusubiri) kubwa: namba hiyo hujumlisha pia kazi zilizokwama zikisubiri diski, zile zenye herufi D kwenye safu ya hali.

"Prosesa ikifika 100 itaungua."

Prosesa imeundwa ifanye kazi. Ukiwa unageuza video, 100 ndiyo unayoitaka. Joto likizidi, prosesa za leo hupunguza kasi zenyewe, na likifika kiwango cha hatari mashine hujizima. Kwenye Mac utaona hata kernel_task, kazi ya mfumo wenyewe, ikipanda sana, na watu huilaani bure: mojawapo ya kazi zake ni kupunguza muda wa prosesa unaotolewa kwa programu nyingine ili joto lishuke. Angalia kama matundu ya hewa yamezibwa.

"Nikigusa kipanya feni inatulia, basi kuna mtu anachimba sarafu humu."

Huenda ikawa kweli. Baadhi ya programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa siri husimama pindi Task Manager inapofunguliwa. Lakini Windows nayo hufanya hivyo kwa nia njema: matengenezo yake ya kiotomatiki husubiri uondoke na husimama ukirudi, na uorodheshaji wa mafaili wa SearchIndexer hupunguza mwendo ukiwa unatumia mashine. Utulivu peke yake hauthibitishi chochote. Iache Performance Monitor, kipimo cha utendaji kilichomo ndani ya Windows, ikirekodi ukiwa haupo, kisha usome nani alikuwa kazini. Ukiwa bado na shaka, fanya ukaguzi wa Microsoft Defender, kizuia virusi cha Windows, ule wa nje ya mtandao, ambao hufanyika kabla Windows haijawaka kikamilifu.

Tukiwa kwa Defender: faili lake MsMpEng.exe likipanda, usiifungie macho diski nzima ya C kwa kuiweka kwenye orodha ya visivyokaguliwa. Hamisha saa ya ukaguzi, au shusha thamani ya ScanAvgCPULoadFactor, yaani asilimia ya prosesa inayolengwa wakati wa ukaguzi, ambayo kwa kawaida ni 50. Kuongeza kizuia virusi cha pili kinachokagua muda wote ni kuongeza mzigo.

"Ongeza RAM, au weka programu ya kuharakisha kompyuta."

RAM itasaidia kama kumbukumbu ndiyo iliyojaa. Kwenye Linux, kswapd0, kazi ya mfumo inayotafuta nafasi ya kumbukumbu, ikikaa juu ni dalili nzuri ya hilo. Nje ya hapo ni kupoteza pesa bure. Hizo za kuharakisha nazo hukaa chinichini zikila prosesa, sina zaidi la kusema.

"Zima huduma zote usizozijua."

Huduma nyingi hutegemeana, na ukizima ovyo utapoteza sauti au mtandao. Njia ya uhakika ni ya kugawa nusu kwa nusu. Fungua msconfig, chombo cha Windows cha kupanga kinachowaka pamoja na mashine, kichupo cha Services, weka alama kwenye Hide all Microsoft services, zima nusu ya zilizobaki, washa mashine upya. Tatizo likiisha, mkosaji yumo kwenye nusu uliyozima; lisipoisha, zirudishe na uzime nusu ya pili. Endelea kugawa hadi ibaki moja. Kama umezizima zote na mzigo unaandikwa System interrupts, yaani muda wa prosesa unaotumika kuhudumia vifaa, achana na programu: chomoa vifaa vya USB kimoja kimoja, kisha usasishe draiva (programu zinazoendesha vifaa) za mtandao na za sauti.