Maegesho ya bure mjini hayaleti wateja
Wengi huamini kuwa maegesho ya barabarani katikati ya mji yakilipiwa, wateja watakimbia. Kinachowakimbiza hasa ni kukosa nafasi. Nafasi ya bure huwahiwa alfajiri, mara nyingi na wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao, na gari halitoki hapo hadi jioni. Mteja aliyefuata dawa tu anazunguka mtaa mara tatu, macho yakitafuta taa ya nyuma inayowaka, kisha anakata tamaa na kuondoka. Mita ya kwanza ya maegesho, yaani kifaa cha kulipia muda wa kuegesha, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1935, kwa sababu hiyo hiyo: kuyatoa magari yaliyokuwa yakishinda mbele ya maduka. Ada inatosha ikiacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. Ikizidi hapo, wafanyabiashara wana haki ya kulalamika.