Mistari mitatu juu, mistari mitatu chini

Nimejitengenezea kikaguzi cha msimbo, yaani programu inayosoma mabadiliko ya msimbo na kuyatolea maoni. Wiki hii nimeambiwa tena: "Kikaguzi cha msimbo si kazi ya jioni moja tu? Chukua matokeo ya `git diff`, ipe akili mnemba, chapisha jibu kwenye terminali." Aliyesema ni mwandishi mzuri wa programu na ninamheshimu, ila neno hili nimelisikia mara nyingi mno.

Sehemu hiyo kweli ni ya jioni moja. Tatizo linaanza kesho yake, kikaguzi kinapoanza kusifia makosa.

`git diff`, amri inayoonyesha kilichobadilika kwenye msimbo, usipoiagiza vingine, hukuonyesha mistari iliyobadilika na mitatu juu yake na mitatu chini yake. Mtu aliyeishi na mradi huo miaka mitatu inamtosha, kwa kuwa mengine yote anayo kichwani. Modeli, yaani hiyo akili mnemba, haina kichwa hicho. Tuseme kuna fanksheni ya Python, `tafuta_mteja`. Jana ilikuwa ikirusha hitilafu mteja asipopatikana. Leo mwenzako ameibadilisha irudishe `None`, yaani "hakuna kitu". Mistari miwili, misafi, inasomeka. Modeli itaipongeza. Huku nyuma, faili la malipo, ambalo hakuna aliyeligusa, lina mstari unaosoma `mteja.salio` bila kuuliza kama mteja yupo. Kasoro imezaliwa mahali ambapo hapakubadilika hata herufi moja! Na usiniambie niongeze `-U50`, ili ionyeshe mistari hamsini kila upande. Weka hata `-U5000`: inapanua faili lile lile lililobadilika, la malipo halitakuja kamwe.

Kuna kasoro ngumu kuliko hiyo, nayo ni mstari ambao haukuandikwa. Heartbleed, kasoro ya usalama ya OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao) iliyotangazwa Aprili 2014, ilikuwa ya namna hiyo: msimbo uliamini urefu aliotaja mtumaji bila kuulinganisha na data iliyofika. Mtu aliusoma kabla haujaingizwa, ukapita, ukakaa kwenye matoleo ya umma miaka miwili hivi. Ukitazama mistari iliyoongezwa tu, huoni kilichokosekana.

Kwa hiyo jasho la zana hii liko kwenye kutafuta. Kikaguzi changu kinatumia tree-sitter, zana inayochambua muundo wa msimbo, kujua fanksheni zipi zimeguswa, kisha ripgrep, zana ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, kusaka sehemu za msimbo zinazoziita, kisha kinapeleka vipande hivyo pamoja na mabadiliko. Vipande, si mradi mzima. Nilipojaribu kupeleka kila kitu, bili ya tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli hutozwa kwavyo) ilipanda na maoni yakawa ya juu juu: majina ya vigeu, nafasi, mambo ambayo linta, programu ya kukagua mtindo wa msimbo, inayamaliza bila modeli yoyote.

Namba za mistari usimwachie modeli azihesabu. Ziandike wewe mwenyewe mbele ya kila mstari, mtake anukuu mstari anaoulalamikia, kisha programu ihakikishe nukuu hiyo imo kwenye faili. Haimo? Tupa oni hilo kabla mtu hajaliona.

Mengine kwa haraka. Funguo za siri na `.env`, faili linalohifadhi siri za mradi, ziondolewe kabla chochote hakijatoka kwenye kompyuta. Maoni yaende stdout, njia ya matokeo ya kawaida, na hitilafu za programu stderr, njia ya makosa. Maelezo yaliyo ndani ya msimbo yanaweza kumwamuru modeli apitishe kila kitu, basi asiwe na ruhusa ya kuendesha amri yoyote.

Kwenye pre-commit, ukaguzi ambao git huendesha kabla ya kuhifadhi mabadiliko, changu hurudisha 0, yaani "pita", hata kikiwa na maoni kumi. Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Lakini mabadiliko yale yale ukiyapitisha mara mbili unaweza kupata maoni tofauti, hata temperature, kipimo cha kubahatisha kwa modeli, ikiwa sifuri. Lango linalofunguka asubuhi na kufungwa mchana kwa msimbo ule ule huwafundisha watu jambo moja tu: kuandika `--no-verify`, yaani kuruka ukaguzi.

Linaloninyima raha ni ukimya. Kikaguzi kisiposema kitu, mkaguzi binadamu husoma kwa wepesi zaidi. Nimeiona hali hiyo kwangu mwenyewe, jicho linateleza. Zamani kilikuwa kinachapisha "Hakuna tatizo." Nimeufuta ujumbe huo. Sasa kinaorodhesha mafaili kiliyoyasoma, na chini yake sehemu zinazoita fanksheni ambazo hakikuweza kuzifikia. Sijashawishika kwamba inatosha, maana orodha nayo huzoeleka. Ila juzi mwenzangu aliisoma hiyo sehemu ya chini, akalifungua faili moja kwa mkono, akarudi na swali.