Msimfungie Ndani Mlevi Ili Aache Pombe: Maswali na Majibu

Nitamtofautishaje mraibu na mtu anayekunywa tu?

Chupa ziache kwanza, mwangalie mtu. Alisema anapitia moja tu, akarudi usiku wa manane. Ameapa kuacha zaidi ya mara moja. Kiasi kilichokuwa kinamlewesha zamani sasa hakimtoshi. Ameambiwa ini lina shida, bado anakunywa. Kazi na watoto vimesogezwa pembeni. Mambo matatu ya namna hii yakikutana ndani ya mwaka mmoja, huo ni uraibu, na uraibu ni ugonjwa.

Kuna maswali manne ya daktari John Ewing, yaliyochapishwa mwaka 1984, ambayo mtu anaweza kujiuliza mwenyewe. Umewahi kuona inabidi upunguze kunywa? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema kuhusu pombe? Umewahi kujisikia vibaya moyoni kwa sababu ya unywaji wako? Umewahi kuamka na kunywa kabla ya kitu kingine chochote, ili utulie? Ukijibu ndiyo mara mbili, nenda ukaonwe. Likiwa ni lile la nne, nenda wiki hii.

Kwani kuzimua asubuhi si kawaida?

Ni kawaida kwa aliyekwisha kuzama. Mtazame akinywa chai kabla hajazimua: anashika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai inamwagikia kwenye sahani. Mpe glasi moja ya pombe, mikono inatulia. Wengine hucheka, lakini mimi nikiona hivyo najua ubongo wake sasa unaitegemea pombe.

Pombe hupoza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujizoesha kujichochea ili ushindane nayo. Siku pombe inapokatika ghafla, uchochezi ule unabaki bila kitu cha kuuzuia. Hapo ndipo yanapoanza mambo ninayoyaona wodini kila mara.

Sasa si tumfungie ndani siku tatu, pombe imtoke?

Hapana. Nakuomba, hapana. Kama ni mtu wa kuamka akitetemeka, kumkatia pombe ghafla nyumbani kunaweza kumuua.

Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja mara nyingi kati ya saa 6 na 48. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wengine huchanganyikiwa kabisa, mwili unachemka, na wanaona vitu visivyokuwepo. Hizo siku tatu za kumfungia ndizo hasa siku za hatari.

Nimempokea mwanamume aliyefungiwa na ndugu zake, watu waliompenda kweli. Walikuwa wanampitishia chakula mlangoni. Siku ya pili usiku wakasikia kishindo, wakadhani anafanya fujo ili afunguliwe. Asubuhi walimkuta sakafuni, ulimi umechanika kwa meno, hajui hata jina lake. Alipona, lakini kwa shida.

Mbona jirani yetu alifungiwa na akaacha?

Jirani yenu alibahatika, au hakuwa amefika huko. Huwezi kujua kwa kumtazama mtu ni yupi atakayeanguka. Kama amewahi kuanguka degedege alipoacha zamani, safari hii hatari ni kubwa zaidi. Narudia: msimfungie ndani. Mleteni. Na kabla hajaonwa na mtaalamu, asikate pombe kwa mara moja.

Anakimbizana na wadudu ukutani, tena anaongea na marehemu. Si amerogwa?

Alikunywa lini mara ya mwisho? Kama ni siku mbili tatu zilizopita, hiyo ni arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliokatiwa pombe, iliyofika pabaya, na ni dharura. Wengi hufika kwetu wamechelewa kwa sababu walipitishwa kwingine kwanza. Maombi sikatazi, mwombeeni akiwa kitandani wodini, dripu ikiendelea.

Hospitali watamfanyia nini?

Watampa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepam, kwa kiasi kinachopunguzwa siku hadi siku huku wakimwangalia. Msimnunulie wenyewe dukani: ikichanganyika na pombe inaweza kuzima pumzi. Atapewa pia vitamini B1, kwa kawaida kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu bila vitamini hiyo ubongo wa mnywaji wa muda mrefu unaweza kuharibika na kumbukumbu isirudi tena.

Baada ya hapo ndipo tiba yenyewe inapoanza: ushauri nasaha, na kwa wengine dawa za kupunguza hamu kama naltrekisoni.

Nimesikia kuna dawa ya kuweka kwenye chai yake kwa siri.

Mnasema disulfiramu. Anayeitumia akinywa pombe anatapika, kifua kinabana, presha inaweza kushuka vibaya. Mtu asiyejua kwamba ameipewa atakunywa kama kawaida yake. Dawa hii hupewa aliyekubali, chini ya daktari. Kumwekea mtu kwa siri ni kumtegea sumu.

Tuanzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Semeni wazi kwamba tatizo ni pombe, msifiche kwa kusema malaria. Ulizeni kitengo cha afya ya akili kiko wapi. Ulizeni pia kama kuna kikundi cha Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanzia Marekani mwaka 1935. Mikutano yake haina ada.

Kuhusu soba hausi, yaani nyumba wanakokaa waraibu wanaojaribu kuacha, ulizeni mambo mawili kabla ya kumwacha: nani mtaalamu wa afya anayempokea siku za mwanzo, na je, watu hufungwa minyororo au kupigwa? Mkiona mnyororo, ondokeni naye.

Akikataa kwenda?

Ongea naye akiwa hajalewa, mkiwa wawili tu, bila kumwita mlevi. Mwambie ulichokiona: mikono, chai, usiku ule alipoanguka. Akikataa, rudi tena siku nyingine. Lakini akianguka degedege au akichanganyikiwa, hakuna tena mjadala, mbebeni.

Twende na taarifa gani?

Saa aliyokunywa mara ya mwisho, hilo kwanza. Kisha anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, dawa anazotumia, na kama amewahi kuanguka alipojaribu kuacha. Aje mtu anayelala naye nyumba moja, siyo shemeji aliyetoka safari. Na kama alikunywa mara ya mwisho jana jioni na sasa anatetemeka, msisubiri kliniki ya Jumatatu. Pitieni mapokezi ya dharura, leo.